Tumbo Lililosema Mbele ya Wakwe

Mwanangu, kabla hujaenda kwa wakwe zako Issenye, keti kidogo nikuambie yaliyonipata nilipoolewa hapa Nyamwaga.

Mama mkwe wangu alitaka kunikaribisha kwa mikono yake mwenyewe. Nyuma ya zizi palikuwa na mmumunye ulioota tu, hakuna aliyeupanda, nao ulizaa kuliko ile ya shambani. Akachuma mamumunye yake, akayapika kwa karanga na maziwa, akaita majirani na watoto wao. Harufu ilifika mpaka barabarani. Mimi bibi harusi nikapakuliwa wa kwanza, na wote wakanitazama nitakavyokula.

Kijiko cha kwanza kilikuwa kichungu cha kukaza taya. Nikameza huku natabasamu. Wewe ungefanyaje, mgeni mbele ya wakwe? Nikaongeza cha pili. Hapo tumbo likakataa. Mate yakanijaa mdomoni, jasho likanitoka, hamu ya kula ikakatika kabisa.

Mama mkwe alikuwa ameshachota upawa awapakulie watoto. Nikamshika mkono.

"Mama, nisamehe. Usiwape watoto. Ni chungu, na tumbo langu limekataa."

Nikajua nimeshajiharibia. Yeye akagusa mchuzi kwa ncha ya ulimi, akatema pembeni, akanitazama. Kisha akacheka, akacheka mpaka akakaa chini. Akasimulia kwamba alipoolewa yeye alipewa maziwa yaliyoharibika, akayamaliza kwa aibu, akaugua na hakumwambia mtu yeyote.

"Wewe umenishinda," akasema. "Nimepata binti."

Mimi nilikimbilia migombani nikatapika, nikarudi mwepesi. Mamumunye yakafukiwa shimoni. Baba mkwe akamwita mume wangu kama vijana wanavyoitwa kwetu, "Mura, kamata jogoo," na huyo kijana wangu akafukuzana na jogoo uwanja mzima, majirani wakimshangilia jogoo. Tukala ugali na kuku, jirani mmoja akaleta litungu lake, ile ala ya nyuzi, akapiga, na mama mkwe akanivuta nicheze naye. Tangu siku hiyo hakutia chumvi chakula cha wageni bila kunionjesha. Mpaka leo, na uzee wake wote, bado ananionjesha.

Juzi nilimsimulia muuguzi wa zahanati yetu, yule binti aliyehamishiwa huku kutoka Mtwara. Akaniambia kuwa ndani ya utumbo mna chembe hai zinazotambua uchungu kama ulimi unavyotambua. Zikikutana nao, hupeleka habari kwenye ubongo kupitia mishipa ya fahamu, na ubongo huleta kichefuchefu ili mtu aache kula. Nilifurahi kama mtoto. Kumbe siku ile sikuwa na deko. Mwili wangu ulikuwa unanilinda.

Sasa nisikilize. Si kila kichungu ni sumu; mnavu tunaula na dawa tunazinywa. Lakini uchungu usioutarajia, tena tumbo likiukataa, usiufunike kwa tabasamu. Weka kijiko chini. Sema kwa adabu, sema mapema, hasa kama kuna wengine wanaosubiri kula. Watu wa kukupenda watakupenda na ukweli wako.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe nyumba yenye vicheko, ng'ombe wenye maziwa, na mama mkwe atakayekuita binti.