Kuhe Wawili wa Mama Mkwe

Mwanangu, kuna mchana mmoja ambao hadi leo nikiukumbuka jasho linanitoka. Nilikuwa na miezi miwili tu ya ndoa hapa Kasingirima, na mama mkwe alipanda boti kutoka Mwamgongo kuja kuona mwanawe ameoa mtu wa namna gani. Mume wangu alinionya mapema: mama akiondoka amenuna, nyumba hii haitakalika.

Nikakimbilia mwaloni, pale ziwani boti za wavuvi zinapotia nanga. Migebuka, samaki wa kila siku, walijaa tele, lakini mimi na majivuno yangu nilitaka kuhe, samaki mkubwa wa kumpa mgeni wa heshima. Mvuvi mmoja akaniuzia wawili, dume na jike. Akacheka, "Nimewatoa pale kwenye mawe, hata hawakukimbia." Nilifurahi, mjinga mimi. Sikujiuliza kwa nini samaki asikimbie.

Nilipowaandaa, mama mkwe alinawa, akamega nyama ya mgongoni, akaishika tu mkononi. "Mbona wamekonda hivi? Umewanunua pamoja?"

Nikaeleza yote. Akairudisha nyama kwenye sahani. Mume wangu akaacha kutafuna.

"Twende ukanionyeshe hayo mawe."

Nikampeleka hadi ufukweni. Maji yalikuwa maangavu, unaona mpaka chini. Vitoto vya kuhe, vidogo kama punje za mchele, vilikuwa vimejikusanya juu ya mchanga, na samaki wengine wanapita wakivimeza. Mama mkwe akaingia majini na kitenge chake, akawafukuza kwa mikono. Wakarudi. Akafukuza tena.

"Kuhe akiwa na watoto hali chakula, mwana wanje," akasema, akiniita mwanangu kwa lugha ya kwao, bila kunitazama. "Baba na mama wanalinda tu."

Niliingia kumsaidia, nikilia kwa aibu. Hatukuokoa kitu.

Nyumbani alikula ugali na mboga za majani. Wale kuhe akanisogezea mimi. "Wasitupwe. Kula." Nikala, yeye ananitazama. Nilipomaliza, akaninawisha mikono yeye mwenyewe. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimebaki na ndoa yangu.

Siku hizi mnaagiza samaki kwa simu. Sawa, ila uliza: ametoka wapi, amevuliwaje? Muuzaji akibabaika, achana naye. Uvuvi ukifungwa ili ziwa lipumzike, usitafute samaki wa kificho. Maharage yapo, na mgeni mwenye akili hatakudharau. Usimheshimu mtu kwa chakula kinachoacha ziwa tupu.

Mungu abariki jiko lako, mwanangu, na wajukuu zako wamkute kuhe majini, yuko na wanawe.