Aliyeitwa Mwizi wa Chakula cha Mbwa

Wewe unayesoma, umewahi kuangaliwa mdomo, kana kwamba watu wanatafuta mabaki ya chakula cha mbwa kwenye meno yako?

Mama Mbavu ameangaliwa hivyo, na bado anaangaliwa. Asubuhi hii ameinama ndani ya banda, kitambaa begani, ndoo ya maji ya vuguvugu kando yake. Anamfuta tongotongo mbwa mrefu mwenye manyoya laini kama hariri, wa ukoo uliotoka kwenye milima ya Afghanistan. Mbwa amefumba macho kama mtu aliyekaa kwa kinyozi.

"Tulia, bwana mkubwa," anamwambia. "Wageni wanakuja leo. Wewe watakuona mzuri, mimi watakuona mwizi."

Banda lina vyumba vidogo vya matofali, na kila chumba kina godoro. Ndiyo, godoro. Mbwa hawa hawana nyama ya kukalia, wakilala kwenye saruji viwiko vinachubuka. Godoro likichanika, Mama Mbavu hulishona mwenyewe kwa sindano ya magunia na uzi wa nailoni.

Hawa ni mbwa wa kuwinda kwa macho. Mbwa uliowazoea wewe huinamisha pua wakanusa. Hawa huinua shingo, wakaona, na kabla hujasema "haya" wamekwisha kufika. Yupo saluki, ambaye mababu zake walikimbiza swala kwenye majangwa ya Uarabuni. Yupo borzoi wa Urusi, mwenye pua ndefu kama mwiko. Yupo azawakhi kutoka kandokando ya Sahara, ambaye hata ashibe vipi anaonekana kama kiti cha mbao kilichotupiwa ngozi. Greyhaundi wa mbio naye hulala mchana kutwa kama mgonjwa, lakini akiamka hakamatiki.

Wametoka pembe zote za dunia, ila kwa jambo moja ni ndugu: mbavu zao zinaonekana. Si njaa. Kifua ni kirefu kwa ajili ya kuhema, tumbo limevutwa juu, ngozi ni nyembamba. Mbwa wa namna hii akinenepa, ndipo uanze kumhurumia.

Mama Mbavu hakuzaliwa akijua haya. Aliyemfundisha ni mwenye mbwa mwenyewe, mzee mstaafu anayewafuga na kuuza watoto wao. Alimfundisha siku aliyomwajiri, miaka kumi na moja iliyopita.

"Alinishika mkono, akauweka ubavuni mwa greyhaundi," anakumbuka Mama Mbavu. "Akaniambia, 'Mama, mbavu za mwisho uzione kwa macho yako. Siku usipoziona, umenilishia mbwa vibaya, na kazi huna.' Basi nikawa kila asubuhi napapasa mbavu. Ndipo mtunza bustani akanipa hili jina. Lilikuwa utani tu wakati huo."

Utani ulikwisha mke wa Mzee alipofariki, na dada mtu akaja kukaa ili amwangalizie kaka yake nyumba. Hakuwapenda mbwa, wala hakuwachukia. Aliwaona wamekonda, basi.

Siku moja wanunuzi walikuja kutazama watoto wa mbwa. Mmoja akauliza, "Kumbe hapa mbwa hawali?" Mzee alikuwa hajafungua mdomo. Dada mtu akajibu kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Nyama tunanunua. Ila haifiki bandani." Akamtupia jicho Mama Mbavu aliyeshika ndoo.

Mzee alikohoa. Akatoa simu yake, akaitazama, na haikuwa imeita.

Hapo ndipo damu inapochemka. Mtu aliyeweka sheria ya mbavu kwa kinywa chake, akaisimamia miaka yote hiyo, alisimama akaacha mwanamke avuliwe heshima kama ndizi inayomenywa.

Neno halina miguu lakini lilifika bucha kabla ya Mama Mbavu. Muuza nyama, ambaye zamani alimpimia kwa heshima, alimpokea kwa kicheko: "Aa, Mama Mbavu! Leo unanunua? Za bure zimeisha?"

"Nilicheka naye," anasema. "Ningefanya nini? Nikigomba, watasema mwizi mkali."

Lililomuuma zaidi lilitokea nyumbani kwake, kwenye chumba anachoishi na binti yake. Kila kitu pale kina mahali pake: masufuria yamepangwa kwa ukubwa juu ya kabati, pazia limegawa chumba mara mbili, na viti viwili vya kuazima huletwa akija mgeni. Wageni walikuwa ndugu za kijana anayetaka kumuoa binti. Mama Mbavu alipika wali na nyama. Mshahara wake ukishatoa kodi na ada ya shule ya mjukuu aliye kijijini unabaki wa chumvi na kiberiti, kwa hiyo pesa ya ile nyama aliidunduliza wiki tatu.

Wageni walikula wali. Walisifu wali. Nyama waliisogeza pembeni ya sahani kwa ncha za vidole, kila mmoja kwa wakati wake, huku wakizungumzia hali ya hewa.

"Mama mkwe mtarajiwa akasema, 'Tumeshiba, dada, asante sana,'" anasimulia binti. "Nilipotoa vyombo, nyama ilikuwa vile vile. Mama akaipasha moto tukala sisi. Walisema watarudi. Hawajarudi mpaka leo."

Jina jema hung'aa gizani, walisema wahenga. Hawakutuambia jina likishapakwa masizi nani analisugua.

Ungedhani yangeishia hapo. Dada mtu alichukua ufunguo wa jokofu la nyama, akasema sasa atawalisha mwenyewe "waonekane ni mbwa wa watu wenye uwezo." Asubuhi ya kuja wanunuzi wengine aliwajazia masinia mpaka juu. Mama Mbavu alimsihi asiwafungulie uwanjani, kwa sababu mbwa mwenye kifua kirefu akikimbia tumbo likiwa limejaa, tumbo hujizungusha kama nguo inayokamuliwa. Mzee mwenyewe ndiye aliyepiga marufuku jambo hilo zamani. Siku hiyo alikuwa sebuleni na wageni.

"Dada akaniambia, 'Unaona uchungu wameshiba, eh?' Akafungua geti la uwanja."

Saluki jike mmoja alikimbia mizunguko miwili. Kisha akasimama, tumbo limevimba kama ngoma, anataka kutapika na hakitoki kitu. Daktari wa mifugo alifika akamkuta amelala mapajani mwa Mama Mbavu, ameshakata roho.

Na dada mtu alisema nini? Alisema huyo mbwa alizoea njaa kwa sababu ya wizi, ndiyo maana shibe ikamuua. Mzee alisikia. Akaingia ndani.

Jioni dereva alileta sukari na kitambaa cha gauni, "kutoka kwa Mzee." Mwisho wa mwezi, mshahara uliongezwa kidogo bila maelezo. Mama Mbavu alirudisha sukari. Alirudisha na kitambaa.

Alipoulizwa kwa nini hasemi ukweli anaoujua, Mzee alivuta vuta ukosi wa shati.

"Yule dada ndiye aliyenisomesha," alisema hatimaye. "Aliuza vitu vyake ili mimi nisome. Nimwaibishe mbele za watu uzeeni? Damu nzito kuliko maji. Na yule mama anajua kwamba mimi najua hakuiba."

Mama Mbavu alipopelekewa maneno hayo, alicheka kicheko kikavu.

"Kujua kwake moyoni kunanisaidia nini? Moyo wake hauendi bucha. Hautoki kwenda kwa wakwe zangu."

Kwa nini basi haachi kazi? Binti yake humuuliza swali hilo kila juma.

"Nikiondoka watasema mwizi amekimbia," anajibu, akikamua kitambaa. "Nitakaa hapa hapa mpaka mtu aone haya."

Mchana wageni wanafika, magari matatu. Mama Mbavu anawatoa mbwa uani mmoja mmoja. Mgeni mmoja, mwanamke mwenye mwavuli, anasimama mbele ya azawakhi na kushika shavu.

"Jamani! Huyu anakula kweli?"

Dada mtu anatabasamu. "Nyama inanunuliwa, mama. Ila nyumba hii ina panya wakubwa. Wengine wanavaa gauni."

Wageni wanacheka. Mzee anatazama viatu vyake.

Mama Mbavu anamkabidhi mtunza bustani kamba ya mbwa. Anajifuta mikono kwenye aproni, upande mmoja, kisha wa pili, halafu anatembea mpaka mbele ya Mzee. Hapigi kelele.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama."

"Umeniletea sukari, sikukuomba. Umeniletea kitambaa, sikukuomba. Umeniongezea mshahara, sikukuomba. Hata siku moja hujaniuliza nataka nini."

"Mama, haya ni mambo ya ndani, tutazungumza baadaye…"

"Ya ndani? Mimi niliitwa mwizi hapa nje, jua linawaka, wageni wamesimama kama hivi."

"Wewe mwanamke!" Dada mtu anasogea. "Unajua unazungumza na nani?"

"Nazungumza na anayejua, dada. Wewe hujui, nimekusamehe."

Hakuna anayecheka sasa. Mwanamke mwenye mwavuli ameufunga. Mama Mbavu anamgeukia tena Mzee.

"Nataka useme. Usiniambie mimi, mimi najua. Waambie hawa, na dada yako akisikia: huyu mama hajawahi kula chakula cha mbwa wangu. Na useme kwa sauti ile ile unayowatajia bei."