Shangazi Ashusha Wimbo

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyeimba solo katika kwaya yetu. Kisha akafanyiwa upasuaji wa koo. Alipona vizuri, ila sauti ilirudi nzito, kama ya mtu aliyeamshwa sasa hivi. Nayo kwaya ilikuwa inajiandaa kurekodi wimbo wa taratibu, wa kutafakari, wenye solo inayopaa juu kweli kweli.

Siku ya mazoezi akajaribu. Alipofika juu, sauti ikakatika.

"Dada, wewe pumzika," mwalimu wa kwaya akamwambia kwa upole. "Tutampa mwingine."

"Nipumzike, kwani nimekwambia nimechoka?" Akanigeukia mimi niliyekuwa kwenye kinanda. "Mwanangu, hebu shusha hapo."

Nikashusha ufunguo, wimbo wote uimbwe chini zaidi. Bado. Nikashusha tena, na hapo sauti yake ikakaa. Jamani! Ilikuwa sauti mpya kabisa, pana, inayokutuliza na kukusisimua kwa pamoja. Vidole vyangu nusura viteleze.

"Mama, ukishuka hivyo sisi wa besi tutaimbia chini ya sakafu!" akadakia mwanakwaya mmoja, fundi bomba. Watu wakaangua kicheko.

Hata hivyo, kwa ufunguo ule wimbo ulinuna kama wa msibani. Mwalimu akaongeza kasi ili auchangamshe. Ukawa kama mfiwa anayekimbilia basi.

"Aa, rudisha taratibu," Shangazi akasema. "Taratibu kuliko mwanzo."

Tukapunguza mwendo. Maneno yakapata nafasi, huzuni ikageuka utulivu. Lakini mwendo ule ulidai pumzi ndefu, na katikati ya mstari pumzi ikamwishia. Moyo wangu paa! Papo hapo kina mama wa sauti ya pili, bila kuambiwa na mtu, wakaanza kuvuma midomo imefungwa, wakaushikilia mstari mpaka akavuta hewa na kurudi. Akakatika tena, wakamdaka tena. Nilitamani kupiga vigelegele, ila mikono ilikuwa kazini.

Wimbo uliisha, mwalimu bado ameinua mkono.

"Shusha, mwalimu, bega litakuuma," Shangazi akamwambia.

"Solo ni yako, dada. Hivyo hivyo, na kuvuma kwao humo humo."

"Basi tuimbe tena," akasema huku akikohoa na kucheka, "kabla hujabadili mawazo."