Redio Iliyonyamaza kwa Mtu Mmoja

Mara mbili niliandika kwa mkono wangu kwamba redio ya lile gari ni nzima, na mara mbili sahihi yangu ikatumika kumwandikia dereva mmoja barua ya onyo. Barua ya tatu ingemfukuza kazi. Nilikuwa tayari kuandika ripoti ambayo ingeileta barua hiyo, na kalamu nilikuwa nayo mkononi.

Mimi ni fundi wa redio za magari hapa Thika. Sizungumzii zile za muziki. Zangu ni zile ambazo dereva anabonyeza maiki, anaongea, anaachia, kisha anasikiliza. Wateja wangu wakubwa ni kampuni moja ya ulinzi ya Ruiru, yenye pikapu zinazozunguka mtaa wa Membley zikingoja mtu abonyeze kengele ya hatari nyumbani kwake. Kengele ikilia, dada mmoja aliyekaa katika chumba cha kontroli anaita gari lililo karibu. Sauti inapanda kwenye mtambo ulio juu ya kilima, mtambo unaitawanya kwa magari yote, na gari linaloitwa linajibu na kuondoka mbio. Redio zote za kampuni ile nilifunga mimi mwenyewe, na nilikuwa nikijipiga kifua kwa hilo. Nikisema redio ni nzima, basi ni nzima, mjadala umefungwa.

Gari lililosumbua lilikuwa la tatu. Usiku lilisikika vizuri. Mchana, likiwa mikononi mwa dereva wa zamu ya mchana, lilikuwa linakaa bubu kwa saa nzima. Huyo dereva alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu, mkaaji wa Mwihoko, mrefu na mzito, mtu wa kuinama kila anapopita mlangoni. Siku moja mama mmoja wa Membley alibonyeza kengele yake akiwaona watu wakiruka ukuta wa nyuma. Kontroli iliita gari la tatu mara sita. Gari lilikuwa limeegeshwa barabara ya pili tu kutoka hapo, na dereva ndani, macho wazi, hana habari. Mpaka alipopigiwa simu, wezi walikuwa wameshaondoka na mtungi wa gesi.

Meneja hakutaka maelezo. Aliamua kwamba mzee anazima redio ili alale, na akayasema hayo hewani, magari yote yakisikia: "Gari tatu, ukiamka utuambie." Tangu siku hiyo madereva wenzake walipata mchezo. Kila asubuhi, mzee akiripoti kazini kabla hajapanda gari, mmoja wao alibonyeza maiki na kukoroma.

Alipoleta gari kwangu mara ya kwanza alinieleza tatizo kwa utaratibu, kama mtu aliyelifikiria sana.

"Mama fundi, nikikaa kwa kiti, haiongei. Nikishuka nisimame hapo nje, nivute maiki kwa dirisha, inaongea."

Nilimcheka. Nasema kweli, nilimcheka mbele ya watu. "Mzee, redio haijui nani amekaa," nikamwambia. Nina ulimi huo, na mama yangu alikuwa akiniombea dua kwa ajili yake.

Sasa nieleze tunavyofanya kazi bandani kwetu, kwa sababu hapo ndipo nilipojikwaa. Dereva akifika, anatoa funguo, anaonyeshwa benchi, anapewa chai na mandazi. Fundi ndiye anayeingia garini. Dereva akiachwa karibu atakupumulia shingoni, atagusa swichi, atakusimulia alivyotengenezewa na fundi wa mahali pengine. Kwa hiyo sheria yangu ilikuwa moja: dereva akishuka, kazi inaanza. Niliifuata kama amri ya dini.

Basi mzee alishuka. Nikapanda mimi, nikasogeza kiti mbele kabisa, maana bila hivyo miguu yangu haifiki kwenye klachi. Nikapima betri, nikapima fyuzi, nikapima nguvu inayokwenda kwenye antena juu ya paa. Nikaendesha hadi Kiandutu na kurudi, nikiita kila baada ya dakika chache. Dada wa kontroli alinijibu kila mara, sauti safi. Nikaandika: Redio ni nzima. Mwezi uliofuata nikafanya hivyo hivyo na nikaandika hivyo hivyo.

Mara ya tatu ilikuwa Alhamisi. Meneja alinipigia simu mapema. "Madam, nataka ripoti ya mwisho. Kesho saa nne namuita ofisini."

Mzee alipofika siku hiyo hakugusa chai. Alikaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti, akanitazama nikimaliza vipimo vyangu vyote na kukosa kasoro hata moja. Nilipochukua kalamu, akasema polepole, "Mama fundi, ukiandika hivyo tena, mimi nimemwaga unga. Na si hata hiyo kazi inaniuma. Naumizwa na wanaume wazima kunikoromea kwa redio. Mimi sijawahi lala kazini."

Nilimhurumia. Lakini huruma haipimwi kwa mita, na mita yangu ilisema redio ni nzima. Nikamwambia apande tu, nitamalizia kuandika nikishafungua kipimo changu, ambacho bado kilikuwa kimeunganishwa kati ya redio na waya wa antena.

Akapanda. Jambo la kwanza alilofanya ni kushika chuma kilicho chini ya kiti na kukisukuma nyuma mpaka kikagota. "Kila nikileta hii gari hapa mnanikunja kama mwavuli," akalalamika. Akakaa kwa uzito wake wote. Akachukua maiki amjulishe dada wa kontroli kwamba anaondoka.

"Kontroli, gari tatu natoka Thika."

Kimya.

Nilikuwa nimeinama upande wa abiria nikifungua nati ya kipimo, na uso wangu ulikuwa umbali wa shibiri moja kutoka kwenye mishale yake. Mshale mmoja huonyesha nguvu inayokwenda kwenye antena. Mwingine huonyesha nguvu inayokataliwa na kurudi. Ule wa kurudi ulikuwa umepanda juu kabisa. Nikatazama kidole gumba cha mzee: kimebonyeza. Nikatazama taa ya redio: nyekundu, inawaka kama kawaida.

"Bonyeza tena," nikasema.

Akabonyeza. Mshale ukapanda tena.

"Shuka, simama nje, bonyeza ukiwa hapo."

Akashuka, akavuta maiki dirishani, akabonyeza. Mshale wa kurudi ukalala chini, na dada wa kontroli akajibu, "Gari tatu, nakupata."

"Panda!"

Tulifanya hivyo mara nne. Wauza spea wa duka la jirani walitoka nje kutazama fundi akimpandisha na kumshusha mzee wa watu bila sababu. Mara ya nne nilisema "Subhanallah" kwa sauti, nikamwomba mzee asogee, nikakichomoa kiti na kufunua zulia la mpira.

Waya wa antena ulikuwa umelala chini ya reli ya kiti, sehemu ya nyuma kabisa. Ulikuwa bapa. Ngozi yake nyeusi imekatika, shaba inang'aa. Ndani ya waya ule mna shaba ya katikati na shaba ya kuizunguka, na hizo mbili hazitakiwi kugusana hata kidogo. Mtu mrefu akisukuma kiti nyuma na mtu mzito akakikalia, reli iliukandamiza waya na shaba zikagusana. Redio ikawa kiziwi na bubu, taa zake zikiwaka. Akishuka, waya unajiachia. Dereva wa usiku ni mtu wa kimo cha kawaida, kiti chake hakikufika huko. Changu mimi ndiyo usiseme.

Redio ilikuwa inajua nani amekaa.

Kisha nikaona mkanda wa gundi wa kijani ulioushikilia waya hapo sakafuni. Mkanda wa kijani ni wangu. Hakuna fundi mwingine hapa anayeutumia. Miaka miwili nyuma, alasiri moja ya Ramadhani, nina haraka ya kwenda kupika futari, badala ya kufungua plastiki za kingo za mlango na kupitisha waya pembeni, niliupitisha njia ya mkato, chini ya kiti, na reli ikawa inautafuna kidogo kidogo. Kisha nikakaa bandani kwangu nikiandika kwamba mzee ni mwongo.

Kuweka waya mpya ni kazi ya saa moja na nusu. Ningeweza kuuweka pale pale, nikaandika "imerekebishwa", na hakuna ambaye angeuliza. Nakiri wazo hilo lilinipitia, tena halikupita mbio. Lakini mzee angebaki kuwa yule dereva ambaye redio yake ilipona ghafla alipotishwa.

"Sitengenezi," nikamwambia.

"Wacha mchezo, mama."

"Sitengenezi leo. Kesho nakuja Ruiru. Meneja aone kwa macho yake."

Ijumaa saa nne tulikuwa kwenye ua wa kampuni, gari katikati, walinzi wa zamu wakijifanya wana shughuli karibu karibu. Meneja alitoka na tai yake, mtu mwembamba, mwepesi wa mwili na mwepesi wa kukata maneno. Nilimweleza. Hakunisubiri nimalize. Alipanda mwenyewe, akasukuma kiti nyuma mpaka miguu yake ikabaki inaning'inia, akaita.

"Kontroli, hapa ni meneja."

"Nakupata vizuri, boss," dada akajibu papo hapo.

"Umeona, madam?"

Kumbe mtu yule hakuwa na kilo za kuukandamiza waya! Nikasema jambo la kwanza lililonijia: "Mkubwa, wewe hapo huna uzito wa kutosha."

Walinzi waligeukia ukutani. Mmoja alikohoa muda mrefu sana.

"Mzee apande," nikaendelea kabla hajakasirika. "Maiki shika wewe, kwa dirisha. Kidole kiwe chako."

Mzee akapanda na kuweka mikono yote miwili juu ya kichwa, kila mtu aione. Meneja akabonyeza. Kutoka pale tulipokuwa, kupitia kioo cha chumba cha kontroli, tulimwona dada mwenyewe hatua ishirini mbele yetu, redio mezani, kikombe mkononi.

"Kontroli, hapa ni meneja."

Dada akanywa chai.

"Kontroli! Ni mimi!"

Dada akajikuna sikio kwa kalamu, akafunua ukurasa wa daftari lake. Meneja alibonyeza mpaka kucha ikawa nyeupe. Aliita mara sita, nilihesabu. Mwishowe akamwita kwa mdomo, na dada akatoa kichwa dirishani.

"Kwa nini hunijibu?"

"Haiya! Boss, hujaniita."

Nilimwambia mzee ashuke. Meneja akaita tena, na sauti ya dada ikajaa garini. Nikafunua zulia, nikaonyesha waya, kisha nikasema kwa sauti ya kufika getini: "Waya huu niliuweka mimi, na niliuweka vibaya. Zile ripoti mbili nilizoandika zilikosea. Mzee alisema kweli tangu siku ya kwanza." Nilidhani nitaona aibu, na niliiona. Lakini furaha iliizidi. Nilikuwa nataka kuruka.

Meneja alifuta paji la uso. Akasema barua zitachanwa, mzee arudi kazini, mambo yaishe.

"Barua ulinipea ofisini, utachana huko ofisini," mzee akajibu kwa adabu, bila kupaza sauti. "Lakini kuitwa mlevi wa usingizi uliniitia hewani, kila gari ikisikia. Unisafishe hapo hapo. Na ungoje kwanza mama amalize hiyo waya. Nataka nisikie nikiwa nimekaa."

Sijawahi kufunga waya kwa umakini kama siku ile. Nilifungua kila plastiki, nikaupitisha pembeni ya mlango, nikaupandisha kwenye nguzo ya nyuma hadi paani, na nikaukagua mara tatu. Nilipomaliza, mzee alipanda, akasukuma kiti nyuma mpaka kikagota, akanyoosha miguu, akafunga mlango. Nilisimama dirishani kwake.

Kule ndani ya kioo, meneja alichukua maiki ya dada.

"Magari yote, magari yote. Dereva wa gari tatu hakuwa analala. Alikuwa anatuita na hatukumsikia. Mimi ndio nilikosea." Kila neno lilitoka kwenye spika ya mzee likiwa zima. Tulisubiri. Hakuna aliyekoroma. "Gari tatu, umekopi?"

Mzee alichukua maiki, akaishika karibu na mdomo, na hakubonyeza. Sekunde zikapita. Nikaitupia macho taa, nikautupia macho waya wangu mpya, nikaanza kuomba. Nilipomwangalia usoni, niliona anatabasamu, mara ya kwanza tangu tufahamiane.

Ndipo akabonyeza. "Nimekopi vizuri sana, boss," akasema. "Rudia."

Na meneja akarudia yote, kuanzia magari yote, magari yote.