Siku Komanda Aliposhindwa Kupumua

Jamani, mpaka leo nikipita pale zahanati nafunika uso kwa mwavuli!

Wakati ule wa vita Kamina ilijaa askari, na paka wangu nilimwita Komanda kwa jinsi alivyokagua uwanja wangu kila asubuhi. Siku moja mvua ikanizuia kupika nje, nikaingiza mbabula, jiko langu la makaa, chumbani na kufunga dirisha. Mara namwona Komanda kaacha mdomo wazi, mbavu zinapanda na kushuka. Mbwa akihema hivyo ni joto tu, lakini paka akihema hivyo ni hatari! Nikamweka kwenye kikapu taratibu, nisimbane kifua, nikatoka mbio hadi zahanati, kikwembe kiunoni kinataka kuanguka.

"Munganga! Komanda iko nakufa! Haiko napumua!"

Askari wawili waliokaa barazani wakaruka juu. "Balimupiga masasi?" wakauliza, wakishika bunduki zao.

"Hapana, ni moshi! Mu chumba yangu!"

Wakatazamana. "Mama mwalimu, Komanda alikuwa anafanya nini mu chumba yako?"

"Ee, analalaka na miye kila siku!" nikalia.

Wanakwaya wenzangu waliokuwa kwenye foleni wakageuka wote kunitazama. Kumbe nyuma yangu gari la jeshi lilikuwa limeshafunga breki, madirisha wazi. Komanda wa kweli, mkubwa wa askari wale, akashuka, na mkewe akamfuata, mikono kiunoni.

"Mama," akauliza yule mke, "nani analalaka na weye?"

Hewa safi ya njiani ilikuwa imeshafanya kazi yake. Kutoka kikapuni Komanda wangu akajibu kwa nguvu zote:

"Nyau!"