Antivairasi Katika Ofisi ya Wachimbaji

Sikuwa fundi wa kompyuta na wala sikuwahi kudai kuwa fundi. Kikundi cha wachimbaji wadogo kule Geita kiliniajiri niwe karani: nipokee wageni, nichape barua, nigonge mihuri, nisikilize simu za watu wenye hasira. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja kando ya mtambo wa kusagia mawe, na vumbi la karasha lilikuwa likiingia mpaka kwenye chai. Kompyuta ilikuwa moja tu. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa mbele yake, kila kilichoipata kilihesabiwa kuwa changu.

Wachimbaji hawaaminiani, na sisemi hivyo kwa kuwatukana. Mawe yakipanda kutoka duarani, yaani kwenye shimo, hugawanywa hadharani, mfuko kwa mfuko, kila mwenye fungu lake amesimama anatazama. Anayetoka mtamboni hupekuliwa getini: viatu, nywele, mikunjo ya suruali. Hata majibu ya sampuli waliyafanya hivyo hivyo. Mawe yalipelekwa kupimwa dhahabu maabara Mwanza, na majibu yalirudi kwa barua pepe, ndani ya faili lililofungwa kwa nywila. Nywila yenyewe ilikatwa vipande viwili. Nusu alikuwa nayo mwenyekiti, nusu nyingine alikuwa nayo mzee mmoja aliyewawakilisha wenye maduara. Mmoja akiandika nusu yake, mwenzake aligeukia ukutani, na mimi nilitoka nje kabisa, nikasimama juani mpaka niitwe. Nilikuwa sijui hata herufi moja ya nywila ile, na sikutaka kuijua.

Kisha kirusi kikaingia. Kilikuja ndani ya barua iliyojifanya ankara ya pampu ya maji, na mwenyekiti akaifungua mwenyewe kwa mkono wake siku niliyokuwa benki. Niliporudi, kila faili lilikuwa halifunguki: mihtasari ya vikao, nakala za leseni, barua za miaka. Mwenyekiti alikana kuigusa kompyuta. Nilikaa kimya, kwa sababu nilikuwa na mama mgonjwa nyumbani Ngokolo, Shinyanga, na dawa zake zilitoka kwenye kazi ile ile.

Kikao kikaamua inunuliwe antivairasi. Niliinunua Shinyanga, mjini, kwenye duka la familia moja ya Kihindi linalouza kila kitu kuanzia kalamu mpaka betri za sola. Yule mama wa dukani, mwanamke mpole mwenye miwani, alinifafanulia jambo ambalo sikulijua. Kuiweka tu kwenye mashine hakutoshi. Lazima niiunganishe na programu ya barua pepe, ile inayovuta barua kutoka mtandaoni na kuzishusha kwenye kompyuta, ili kila barua ikaguliwe kabla haijatua.

"Vinginevyo," aliniambia, "unaweka mlinzi sebuleni wakati mwizi anapita jikoni."

Nilirudi Geita nikaifanya kazi hiyo mchana kweupe, mwenyekiti na yule mzee wameketi nyuma yangu. Sikutaka baadaye mtu aseme nimefanya kitu gizani. Nilifungua mipangilio, nikaweka alama barua zinazoingia zikaguliwe, zinazotoka zikaguliwe, viambatisho vikaguliwe. Kisha programu ikauliza swali lililonigharimu: ikikuta faili lililofungwa, ambalo haiwezi kuona ndani yake, ifanye nini? Iliruhusu mambo matatu: kuliacha lipite, kulifuta, au kuliweka karantini, yaani kulitenga pembeni mpaka mtu atoe ruhusa.

Nikageuka nikawaeleza. Nikasema majibu ya maabara huja yamefungwa, kwa hiyo afadhali tuiandike anwani ya maabara kwenye orodha ya wanaoaminika, barua zao zipite bila kizuizi.

Mwenyekiti akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Hakuna anayepita hapa bila kukaguliwa. Hata mimi napekuliwa getini."

"Lakini mwenyekiti, kilichofungwa hakikaguliki. Kitakwama."

"Kikwame. Kikikwama utatuita, tutakuja tukitoe pamoja."

Nikamtazama mzee. Yeye alikuwa mtu wa Didia, kule kwetu Shinyanga, taratibu, wa kupima neno. "Kiwekwe pembeni, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Hiyo ndiyo haki."

Waliipanga kompyuta kama wanavyolipanga geti la mtambo. Nilibonyeza walichotaka, wakaona nimebonyeza, wakaridhika, wakaagiza soda.

Siku zikapita bila neno. Ikaja Ijumaa moja tuliyokuwa tunasubiri majibu ya duara jipya, lile ambalo watu walikuwa wamelichimba kwa muda mrefu bila kuona kitu cha maana. Mpaka mchana hakikuwa kimeingia kitu. Nikaaga, nikapanda basi kwenda Shinyanga kumpeleka mama yangu hospitali. Kompyuta niliiacha inafanya kazi kama kawaida yetu, chumba nikakifunga, ufunguo nikamkabidhi mlinzi wa geti.

Jumatatu nilipoiwasha skrini nikakuta taarifa ya antivairasi: faili limetengwa, halikuweza kukaguliwa. Lilikuwa la maabara, na lilikuwa limeingia Ijumaa jioni. Sikuligusa. Nilipiga simu kwa mwenyekiti, nikampigia na mzee, nikakaa nje mlangoni kuwasubiri, ili wakifika wanikute niko mbali na mashine.

Walikuja, lakini hawakuja wawili tu. Nusu ya kikundi ilikuwa nyuma yao, na nyuso hazikuwa za kusubiri majibu. Jumamosi ile, mimi nikiwa kwenye benchi la hospitali, tajiri mmoja mnunuzi wa dhahabu alikuwa amepita kwa wenye mashimo yaliyopakana na duara letu, akanunua haki zao moja baada ya nyingine, haraka haraka, kama mtu aliyeshaambiwa. Faili lilipofunguliwa kwa zile nusu mbili za nywila, kila mtu akaelewa ni kwa nini. Mwamba ulikuwa mzuri kuliko walivyoota.

"Hii barua iliingia lini?" mmoja akauliza.

"Ijumaa jioni," nikajibu.

"Na ilikuwa wapi tangu Ijumaa?"

"Karantini."

"Karantini ni wapi?"

Nikawaonyesha. Ilibidi nibonyeze mara kadhaa kufika hapo, na kila nilipobonyeza niliona macho yakizidi kunitoboa. Kulikuwa na mahali ndani ya kompyuta ambapo majibu yao yalilala siku mbili nzima, na aliyepajua ni mimi peke yangu. Nikawaambia sikuwepo, nilikuwa Shinyanga. Wakasema siku hizi mtu anaweza kufungua imeli akiwa popote. Nikawaambia faili limefungwa, nywila sina. Wakasema aliyeweza kumweka mlinzi ndani ya kompyuta anaweza pia kumtuma. Nikamgeukia mwenyekiti, nikamwomba aseme yeye mwenyewe ndiye aliyekataa nisiwaweke maabara kwenye orodha ya wanaoaminika.

Mwenyekiti akakohoa. "Mambo ya kitaalamu tulimwachia mama," akasema.

Nikamtazama mzee. Mzee akatazama chini. Hapo moyo ulinikatika, na niseme wazi, haujaunganika tena kwa watu wale.

Hawakunifukuza. Natamani wangenifukuza. Walisema ushahidi hakuna, kwa hiyo nitaendelea na kazi, ila kuanzia siku hiyo nitapekuliwa jioni nikitoka, kama wengine. Anayenipekua awe mwanamke, kwa heshima. Ndivyo walivyosema, kwa heshima. Kazi hiyo wakampa mama lishe wa pale mtamboni, mwenzangu niliyekuwa nakula naye mchana kila siku. Alinipapasa mkoba, alinipapasa nywele, aliingiza vidole kifuani mwangu akitafuta flashi. Mara ya kwanza alilia. "Nisamehe mwenzangu," alikuwa akisema, "nisamehe." Baadaye akazoea, akawa ananipekua huku ananisimulia habari za watoto wake. Mimi sikuzoea. Wachimbaji waliokuwa wamepanga foleni kusubiri zamu yao getini walinitazama, na wale walioniamkia asubuhi kwa mwangaluka mayu, jioni walijifanya hawanioni.

Na upumbavu wenyewe ndio ulionichoma zaidi. Kama ningekuwa mwizi, ningebebea nini flashi kifuani? Ningetuma faili kwa imeli ile ile, nikanywa chai. Siku moja nilimwambia mwenyekiti hivyo. Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyekiri nusu.

Ukweli nilikuja kuupata bila kuutafuta. Nilikuwa nimepiga simu maabara kuulizia sampuli nyingine, na dada wa mapokezi kule, mchangamfu, hajui lolote, akaniambia nisihangaike kusubiri barua. "Mwambie mwenyekiti apige tu tumsomee, kama ile Ijumaa. Alikuwa na haraka kweli siku ile!"

Niliiweka simu mezani. Nywila ya vipande viwili, kugeukia ukutani, mimi kuchomwa na jua nje ya mlango, vyote hivyo, na kumbe mtu alipiga simu akasomewa.

Nilimfuata mzee, nikamwamkia, akaitika marahaba, nikamweleza neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho. Akavuta vuta ncha ya kofia yake.

"Umemwambia nani mwingine, mayu?"

"Wewe tu, mzee."

"Basi iishie hapa. Ukiitoa hii, kikundi kinavunjika. Vijana watakatana mapanga."

"Na mimi?"

"Wewe hujafungwa, mayu. Unakula. Vumilia."

Jioni ile nilipekuliwa kama kawaida. Mzee alikuwa amesimama pale pale getini, akaona, akaniaga vizuri tu.

Nilivumilia mpaka mama yangu alipofariki. Baada ya arobaini sikuwa tena na sababu ya kuvumilia. Nikaomba kazi Shinyanga mjini, kwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti, ofisini. Mkurugenzi alikuwa mwanamke wa makamo, nadhifu, wa maneno machache. Alipenda vyeti vyangu, akapenda mwandiko wangu, akaniambia kilichobaki ni barua ya utambulisho kutoka nilikotoka. Nikampigia mwenyekiti simu. Alifurahi, kweli alifurahi, akasema ataandika mwenyewe na ataituma moja kwa moja, nisihofu. Hata alinitakia heri.

Siku ya mwisho ya usaili nilikuwa nimeketi mbele ya meza ya mkurugenzi barua ilipoingia. Akaisoma kwa sauti, kwa kuwa ilikuwa na sifa na alitaka nizisikie. Ilisema mimi ni mchapakazi. Ilisema nina adabu kwa wakubwa na wadogo, na kwamba mimi ndiye niliyewawekea antivairasi kwenye barua pepe zao na hawajapata tena kirusi. Kisha akasoma sentensi ya mwisho, na sauti yake ikapungua mwendo.

"Aidha, kwa kipindi kirefu mama huyu alikuwa akipekuliwa kila jioni alipotoka kazini, na hakuwahi kukutwa na kitu. Tunampendekeza kwa moyo mmoja."

Mwenyekiti hakuiandika kwa ubaya. Hilo ndilo lisilonitoka. Alitafuta sifa kubwa kuliko zote anazozijua, akanipa.

Mkurugenzi akavua miwani. "Walikuwa wanakupekua kwa nini?"

Nikafungua mdomo nimweleze. Nikaanza na faili lililofungwa, nikaenda kwenye karantini, nikafika kwenye Ijumaa ambayo sikuwepo. Katikati ya maelezo nikaisikia sauti yangu mwenyewe, ndefu, yenye vifungu vingi, na nikajua kwamba ndivyo mwizi anavyojitetea.