Fundi Anayesikiliza Kabla ya Kufuta

Fundi redio wa karibu na soko la Gisenyi hunawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika kaseti. Muziki anaoutunga kwa kinanda chake cha umeme hauna maneno. Una ukungu, misitu na ngome za wafalme ambao hawajapata kuwepo, na wanaoupenda wako Norwe na Japani. Kila toleo ni kaseti thelathini tu, na kila moja huiandika namba kwa mkono, polepole, ulimi ukichungulia mdomoni. Kaseti mpya ni adimu, kwa hiyo hurekodi juu ya kuukuu, lakini kwanza huisikiliza kila moja pande zote mbili mpaka mwisho.

Jirani yake Umuhoza, mama yake Ganza na muuza vitenge, alimpa katoni ya kaseti za marehemu baba yake, akidhani ni kwaya tupu. Wiki iliyofuata fundi akamwita. "Mama Ganza, kuya kidogo," alisema kwa sauti yake ya chini. "Zingine nilifuta. Hii ilinishinda, iko mutu ndani. Ule muteja wa kaseti ya thelathini nimeshamwandikia, hatapata." Akabonyeza kitufe cha redio ya kaseti. Ndani ya kaseti mwanamke akakohoa, akamsalimu mumewe, akasema bado yuko hospitalini Bukavu, kisha akauliza kama Umuhoza wake ameanza kutembea.

Umuhoza hakuwa na kumbukumbu yoyote ya sauti ya mama yake, ambaye hakurudi kutoka hospitali hiyo. Akaketi sakafuni katikati ya redio zilizofunguliwa, mkono mdomoni. Fundi hakumwinua. Alirudisha mkanda mwanzo, akamsogezea redio, akatoka nje na kuufunga mlango.